Kuku wa Baba na Kimeng'enya Changu

Meru Mjini,
Jumatano.

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumai goti limepoa na mvua haijaharibu njia ya kupeleka majani chai kituoni. Mimi ni mzima, ila umenichosha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasalimu, unaomba, unakata.

Jirani yetu Ndambiri amenipigia kutoka huko Kibugu. Anasema ulisimama kanisani ukawaambia watu wasihangaike kuwachanja kuku dhidi ya kideri, eti binti yako wa maabara amepata dawa. Ushahidi ni kuku wako: wa wenzako wanakufa, wako wanachakura tu. Baba jamani!

Pasaka nilikueleza taratibu. Virusi vya kideri hushika sukari iliyo juu ya seli ndipo viingie. Kimeng'enya ninachokichunguza hukata sukari hiyo, virusi vikakosa pa kushika. Hapo ukainuka kulisha ng'ombe, na mimi sijamaliza! Kilichobaki ni kwamba seli huotesha sukari upya, na virusi vinaingia kama kawaida. Tena tumejaribu kwenye visahani vya maabara tu. Hakuna kuku aliyewahi kuonja.

Na ile chupa uliyoitoa mkobani mwangu ukaimimina kwenye maji ya kuku ukidhani ndiyo dawa, ilikuwa ya kusafishia miwani. Nimeitafuta mpaka nikachoka.

Sasa Mama Njeru, mjane wa watu, anayesomesha watoto kwa kuuza mayai, alimrudisha mchanjaji langoni kwa sababu ya neno lako. Amebaki na mitetea wawili. Hilo ndilo linaloniuma.

Baba, kuku wako wako hai kwa sababu Mama aliwachanja. Ulipokuwa kituoni alimwita mchanjaji, wakamtia kila mmoja tone jichoni. Hakukuambia. Anasema tangu nikatae ualimu hakuwahi kukuona ukijivunia mimi, akashindwa kukuharibia furaha. Nami nilipoambiwa umenitaja mbele ya watu, nililia kwanza, hasira ikaja baadaye.

Jumamosi nakuja na chanjo. Tutaanzia kwa Mama Njeru, wewe ukishika kuku. Jumapili utasimama palepale useme ukweli, nami nitakuwa benchi la mbele. Ukimaliza, kama bado unaona nafaa, nitaje tena.

Msalimie Mama, na usimgombeze. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako mkaidi,
Wambura