Mpishi huonja kwanza

Rukaya shoga, pokea simu! Haya, nakuachia ujumbe wa sauti.

Niko Mchukwi kwa shangazi Mwanawetu. Si nilikuja kupima mioyo ya ukoo wetu, maana tunakufa ghafla mno? Wanawake wamegoma kupimwa. Shangazi akasema, "Kwetu mpishi huonja kwanza. Lala wewe."

Nikalala. Tena nacheka! Nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi.

Rukaya, ni mapigo yaleyale. Yaleyale! Ya wale panya wangu wa maabara niliowazimia jeni moja ya moyo, wakawa wanakufa ghafla. Miaka yote nayasoma kwa panya, kumbe ninayo mwenyewe.

Shangazi akauliza, "Karatasi inasemaje?" Nikasema mashine mbovu. Mimi huyu, mashine mbovu!

Shangazi akanifunika khanga, akaninong'oneza, "Marehemu baba yako naye alisema amechoka tu."