Yule wa Kando

Butembo, Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, na baridi.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: sikumbuki sura ya mama yangu. Watu wakisema nimefanana naye, ninaitikia kwa kichwa kama ninayejua. Alifariki nikiwa mdogo, na picha zake zote zilibaki Oicha siku tulipokimbia vita kuja kwenye nyumba hii ya bibi. Koko, bibi yangu aliyenilea, hunyamaza jina la mama likitajwa. Kwa hiyo siulizi.

Leo nilikuwa ninapanga depo, chumba chetu cha kuwekea vitu. Nyuma ya magunia ya makala, mkaa wa kupikia, kuna kamera ya babu, aliyekuwa mpiga picha: sanduku kubwa la mbao lenye miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Nilisikia panya ndani. Nikavuta droo yake.

Panya hakuwemo. Kulikuwa na karatasi za picha, zile za kwanza, negativu, ambazo nywele nyeusi huonekana nyeupe na mashati meupe huonekana meusi. Telefone yangu inaweza kugeuza rangi, basi nikazipitia moja moja.

Katika moja, wasichana watatu wa umri wangu, wenye yunifomu, wamesimama mbele ya mlango wetu huu huu. Koko alizaa msichana mmoja tu.

Nikamchagua wa katikati kuwa ndiye mama. Ana macho makubwa, ametulia. Nilimtazama mchana kutwa. Nilishaanza kumpenda.

Mwishowe nikajikaza, nikampelekea Koko jikoni karatasi ile na telefone. Alikuwa anachambua maharagi. Hakutaka telefone. Alipangusa mikono, akaipeleka karatasi kwenye mwanga wa dirisha.

“Ule wa katikati ni mama?”

“Hapana. Ule ni mutoto wa jirani, alikuwa anajionaka sana. Mama yako ni huyu wa kando, mwenye hana sura.”

Yule wa kando nilikuwa nimempita tu. Mahali pa uso pana kama moshi. Koko alinieleza kwamba mbele ya kamera ile mtu alipaswa kusimama bila kutikisika, mpaka babu afunike tena kioo cha kamera.

“Muzee alimuambia, tulia. Yeye hapana sikia. Anacheka tu.”

Babu akapiga tena, na jirani akaenda na ile nzuri. Iliyoharibika ikabaki kwetu.

Nilitaka kulia. Bado sijui sura yake.

Lakini Koko alikuwa anatabasamu. Nikavuta kiti, nikatia mkono kwenye maharagi, na kwa mara ya kwanza nikauliza: mama alikuwa anachekea nini?

Koko akaanza kunieleza.