Foleni ya Mlango wa Pembeni

Nyumba namba 9, Mtaa wa Tenter,
Cragbeck, Yorkshire Magharibi.
Jumatano, mwezi wa Oktoba.

Dada yangu mpendwa Enid,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya ndugu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Gordon na yule paka wenu asiye na adabu. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanung'unika nikipanda ngazi, lakini nakula vizuri na usingizi naupata. Mvua inanyesha. Hilo nadhani ungelijua bila kuambiwa.

Barua yako imefika, na picha ya chumba nimeiona. Rangi ya buluu imetulia, na dirisha ni zuri. Umetaka nikupe jibu kabla ya mwezi huu kwisha, kama nahamia kwenu Uhispania au sihamii, na dalali naye ananikaba koo, maana amepata bwana na bibi kutoka Leeds wanaoitaka nyumba hii na hawako tayari kungoja milele. Umeniambia pia nisijifiche nyuma ya magazeti. Jibu utalipata, Enid, tena humu humu. Lakini ni wewe uliyeniomba, siku ile unaondoka, niwe nakuletea habari za nyumbani pamoja na maoni yangu, kwa kuwa huko huna mtu wa kuligombeza gazeti. Kwa hiyo kwanza habari.

Nchi imekwisha. Tuanze na biskuti, zile za tangawizi alizokuwa akitununulia mama. Pakiti ni ile ile, picha ni ile ile, bei ndiyo imenenepa, na biskuti zenyewe zimekonda mpaka ukiichovya moja kwenye chai huna cha kuvuta nje. Gazeti lilimtuma mwandishi na rula akazipime, na mtu wa kiwanda akajibu kwamba wateja wamependelea pakiti iliyo rahisi kushika. Mimi nina miaka sabini na mmoja na sijawahi kushindwa na pakiti ya biskuti. Nilisema hivyo kwa sauti, jikoni, na birika likanijibu.

Halafu dhoruba. Siku hizi dhoruba zinapewa majina ya watu, na hii iliyotupiga mapema mwezi huu iliitwa Clive. Siku mbili nzima redio ilitukataza kutoka nyumbani bila sababu ya lazima. Jirani yangu Nasreen, yule fundi cherehani aliyehamia namba 11 baada ya wewe kuondoka, alinunua mishumaa. Mimi nilijaza maji bafuni, na mpaka sasa sijui nilikuwa nayawekea nini. Basi Clive akaja, akasukuma kiti changu cha bustanini kikalala chali, akaenda zake. Kesho yake gazeti likaweka ukurasa wa kwanza picha ya kiti kilichoanguka, tena si changu, ni cha mtu wa Mtaa wa Chapel. Changu kilianguka vizuri zaidi.

Huo Mtaa wa Chapel ndio ule wenye shimo barabarani. Shimo limetimiza mwaka bila kuzibwa, na wakazi wakalifanyia sherehe ya kuzaliwa. Wakaweka mshumaa, wakaliimbia katikati ya barabara, na mpiga picha akaja. Mimi nilikwenda kupinga upuuzi huo, nikala vipande viwili vya keki. Alioka Nasreen, na iliki haikukosekana. Treni za Leeds nazo zimechelewa wiki nzima kwa sababu majani yameanguka juu ya reli. Kila mwaka, Enid! Miti inapukutisha majani mwezi huu huu tangu kabla reli hazijabuniwa, na kila mwaka wakubwa wa treni wanapigwa na butwaa.

Lakini kilichonitoa nyumbani ni mapipa. Halmashauri imetuletea pipa la nne. Tulikuwa na la kijivu, la kijani na la kahawia, sasa kuna la zambarau la mabaki ya chakula, na kila pipa lina wiki yake. Ukikosea ukatoa lisilo la wiki hiyo, wanaliacha mlangoni na kibandiko chekundu, majirani wapite wakisoma dhambi zako. Nililisoma jambo hilo mezani, nikapandwa na hasira, nikainua kichwa kumwambia mke wangu Thelma. Unajua yeye alivyokuwa. Nikifoka juu ya gazeti alikuwa anageukia sinki ili nisimwone anacheka, mabega yanamtikisika, kisha anasema, "Usiniambie mimi, Cedric, kawaambie wao." Mwaka wa pili huu tangu tumzike, na bado nainua kichwa.

Safari hii nikaamua kweli nikawaambie wao. Gazeti lilisema wananchi watasikilizwa juu ya mapipa Alhamisi, saa nane mchana, ukumbi wa mji. Nikavaa tai. Nilipofika nikakuta foleni ndefu kwenye mlango wa pembeni, nikajipanga nyuma. Utaniuliza kwa nini sikuuliza ni foleni ya nini. Enid, umekaa sana na Wahispania. Mtu akiona foleni anajipanga. Ukiuliza unaonekana hujui ulichokuja kufanya, na aliye mbele yako analazimika kukutazama usoni, halafu nyote wawili mnaona haya.

Nakiri dalili zilikuwepo. Bwana aliyenitangulia alikuwa anavumisha sauti puani, sauti inapanda, sauti inashuka, nikadhani ana kifua. Mama wa nyuma yangu alikuwa anavuta midomo huku na huku kama anatafuna ngozi ya kiatu, na mashavu yake mekundu ajabu, nikadhani ni baridi. Tulizungumza mara moja tu, akaniambia leo mvua ni afadhali kuliko jana, nikamwambia ndiyo, lakini kesho itarudi. Zamu yangu ilipofika goti lilikuwa linawaka moto na mimi nimeshaiva.

Ndani walikaa watu watatu nyuma ya meza, na wa nne kwenye piano. Piano hiyo ilinikera. Nikasema moyoni, halmashauri haina fedha ya kuziba shimo lakini ina mpiga piano. Aliyekaa katikati alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani shingoni, Beryl Oldroyd, aliyekuwa akifundisha watoto kuogelea na ambaye bado anasema na kila mtu kana kwamba yuko majini. Akaniambia, "Haya babu, tupe ulicho nacho."

Nikawapa. Nikaanza na pipa la zambarau, nikashuka kwenye kibandiko chekundu. Nikawaeleza jinsi nilivyotoka nje alfajiri na nguo za kulalia nikikimbiza lori la taka, pipa mkononi, pipa lenyewe silo. Wakaanza kucheka. Nikawauliza ni kipi cha kuchekesha, wakazidi. Nikawaambia wao ni watumishi wa umma na wanakula kodi yangu, na yule wa piano akalalia vibonye vya piano, vikalia vyote kwa pamoja. Nikaingia kwenye biskuti na Clive, mambo ambayo hayakuwa hata kwenye ajenda, maana nilishakasirika na breki sina. Nilipomaliza, Beryl alikuwa anajifuta macho na skafu. Akasema, "Jamani, Mjane Povu wetu ndiye huyu. Njoo Jumanne jioni, mpenzi, na uje na gauni lako, maana kwa urefu huo kasha letu la mavazi halina la kukutosha."

Ndipo nilipoona bango ukutani. Wa mapipa walikuwa mlango wa mbele. Mimi nilikuwa nimejipanga na watu wanaojaribiwa kwa mchezo wa Krismasi. Unaukumbuka, ule ambao kila mwaka mwanamume mzima anavalishwa gauni, wigi na matiti ya mito, anakuwa mama mbea wa mji, na watoto wanampigia kelele mpaka dari inatingishika. Thelma hakukosa hata mwaka mmoja. Safu ya tatu, kiti cha pembeni. Mimi nilikuwa namsindikiza kwa manung'uniko.

Mwenye akili angesema samahani, nimekosea mlango. Lakini nilikuwa nimesimama foleni saa nzima, na nyuma yangu watu wamesimama kwa adabu wakingoja nimalize. Nikasema asante sana. Ndivyo tulivyolelewa, mtu akikukanyaga unamwomba radhi.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeazimia kupiga simu na kukataa. Ijumaa sikupiga. Jumamosi nikaliweka gazeti mezani, nikasoma habari ya shakwe, yule ndege wa pwani, aliyempokonya samaki mwamuzi wa mashindano ya samaki na chipsi. Nikaanza kufoka, kisha nikajishika nimekwisha simama, mkono mmoja kiunoni, nawafokea wale watatu wa ukumbini kana kwamba wako mbele yangu. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka lini ndani ya nyumba hii. Nimekuwa mpweke sana, Enid. Sikukuandikia hivyo hata siku moja kwa sababu nilijua ungepanda ndege.

Sasa lililobaki. Katika kila barua umeniambia nilifungue kabati la Thelma na kuzigawa nguo zake, na mimi kila mara nimekujibu habari za hali ya hewa. Jumatatu nililifungua. Harufu yake bado ilikuwemo, nikalia, na sioni aibu kukwambia. Kisha nikatoa gauni lile la manjano lenye maua makubwa, alilovaa kwenye harusi ya binti yako ukamwambia kavaa pazia la sebuleni. Alilipenda sana. Baada ya maneno yako ndipo akawa analivaa kila anapotoka, hata kwenye mchezo wa Krismasi, chini ya koti. Mfukoni nikakuta peremende moja ya koo, ya kutuliza sauti baada ya kupiga kelele. Ilikuwa imeng'ang'ania karatasi yake. Niliila.

Nikalipeleka gauni kwa Nasreen. Alilishika pindo akaligeuza akaangalia mshono, akasema limeshonwa na mtu anayejua. Kisha akanisimamisha juu ya kigoda, pini mdomoni, akaniambia nivute tumbo ndani. Nikamwambia nimeshavuta. Akasema, "Mzee Cedric, kama hapo ndipo umevuta, basi tuongeze kitambaa." Akaongeza pande mbili za manjano iliyokaribia kufanana. Alipomaliza alinitazama, macho yakamjaa, akasingizia vumbi la chaki.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, dada. Sihamii. Dalali nimeshamwambia, na jana alikuja kung'oa kibao chake mbele ya nyumba, kakasirika kidogo lakini akanywa chai. Najua utaumia, na najua ulipaka chumba kile kwa mkono wako, na mgongo wako ulivyo. Nitakuja mwezi wa Februari nilale humo, tena nitakaa mpaka Gordon achoke. Lakini mwezi wa Desemba nina kazi. Katika mchezo wetu kuna mfalme asiyepata usingizi, na mimi, Mjane Povu, dobi wake, kila siku namletea nguo safi na habari za mji pamoja na maoni yangu, mpaka alale. Jana jioni kwenye mazoezi Beryl alisema maneno ya sehemu hiyo hayajaandikwa, nije nayo mwenyewe. Sasa unajua kwa nini nimekuanzia na biskuti. Nilikuwa nakufanyia mazoezi. Niandikie uniambie ulicheka wapi, na pale ambapo hukucheka nitapafuta.

Nisalimie Gordon sana, mwambie shemeji yake amepata gauni kabla ya kupata akili. Nasreen anakusalimu ingawa hamjaonana. Nimewawekea viti viwili Jumamosi ya pili ya Desemba, safu ya tatu, na cha pembeni ni chako. Njoo na peremende za koo. Kuna mahali mtu aliyevaa ngozi ya dubu ananinyatia mgongoni na ukumbi mzima lazima unipigie kelele kwamba kuna mtu nyuma yangu. Mimi nitageuka upande usio wake, nimeshika kiuno, nimevaa maua yale yote, niseme hakuna mtu hapa, niko peke yangu. Ndivyo mchezo unavyotaka. Wewe usinisikilize, Enid. Endelea kupiga kelele.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Cedric Barraclough