Nusu Saa ya Bi Deolinda

Nyuma ya kanisa kuu,
Yaguarón, Paraguai.
9 Agosti 2018

Mpendwa shangazi Petrona,

Nakutanisha viganja na kukuomba baraka zako, ingawa uko mbali huko Buenos Aires. U hali gani? Goti limetulia, au baridi imeliamsha tena? Huku asubuhi majani yanakuwa meupe kwa sakitu. Mume wangu Wilfrido anakohoa, lakini kazini anakwenda. Mimi ni mzima wa mwili.

Umeuliza kama ni kweli bi Deolinda, mke wa baba, aliondoka, na kama sasa nyumba ya marehemu mama imesalimika. Shangazi, aliondoka kweli, na mimi ndiye niliyemfukuza. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujafurahi.

Baba alianza kusumbuliwa na kiungulia baada ya Pasaka. Kifua kilimwaka moto, na maji machungu yalimpanda hadi kooni. Kituo cha afya wakampa vidonge, kimoja kila asubuhi. Badala ya kupona akakonda, mpaka akatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Nilipomhoji alinishika mkono akaniambia, "Binti yangu, huyu mwanamke ananinyima chakula."

Unanijua. Sikulala. Na wewe ulikuwa umeshaniandikia kwamba mwanamke anayeolewa na mzee wa miaka sabini na sita haolewi na mzee, anaolewa na paa lake.

Basi nikaanza kuwapeleleza. Saa kumi na mbili asubuhi nilisimama nje ya dirisha la jikoni. Baba amekaa mezani. Mbele yake sahani ya mkate wa muhogo, mbeyu ya moto, imefunikwa kwa sahani nyingine, na juu yake mkono wa bi Deolinda. Redio inasoma habari.

"Deolinda, mbeyu inapoa."

"Ipoe. Bado."

"Tumbo linanguruma, mama we!"

"Lingurume. Halijafa."

Shangazi, niliyaona kwa macho yangu mawili. Mzee wa watu anaangalia sahani kama mbwa mlangoni kwa mchinjaji! Nikashuku na vidonge vyenyewe. Niliiba kimoja nikakipeleka duka la dawa. Muuzaji akasema ni dawa halali ya tumbo. Nikakumbuka kwamba yeye na bi Deolinda ni binamu, nikamshuku naye.

Nikaamua kumlisha baba mwenyewe. Kila asubuhi, alipotoka kuwapa kuku mahindi, nilimpitishia uani chipa mbili za moto, vile vimkate vya jibini na anisi anavyovipenda. Alizimaliza kabla kuku hawajamaliza mahindi yao. Nikamwambia, "Sasa nenda ukameze kidonge chako. Dawa haimezwi ukiwa na njaa, itakutoboa tumbo." Hivyo ndivyo mama alivyotufundisha. Baba akafuta mdomo, akaingia ndani kukaa mbele ya sahani iliyofunikwa.

Nilifanya hivyo wiki saba, na hali ikazidi kuwa mbaya. Chakula kilianza kumkwama kifuani. Jumapili moja alitapika, na matapishi yalikuwa na michirizi ya damu. Hapo nikapasuka. Nilimkabili bi Deolinda mbele ya majirani, nikaitoa barua yako mfukoni nikaisoma kwa sauti, ile habari ya paa. Kisha nikamwambia, "Unamuua baba yangu!"

Hakupiga kelele. Alisema, "Herminia, ningetaka kumuua ningempa kila anachoomba." Akafunga nguo zake kwenye shuka, akapanda basi la kwenda kwa dada yake, Pirayú. Baba aliyashuhudia yote akanyamaza. Nilidhani ni maumivu.

Kesho yake nikampeleka hospitali. Wakampitisha mpira wa kamera kooni. Tulingoja majibu kwa hofu, lakini si saratani, Mungu ashukuriwe; ni kidonda cha kuunguzwa na asidi ya tumbo. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akauliza dawa inamezwa vipi.

"Baada ya kula," nikajibu kwa majivuno. "Nahakikisha mwenyewe."

Akaiweka kalamu chini. "Hii humezwa tumbo likiwa tupu, nusu saa kabla ya kula. Juu ya chakula nguvu yake inapotea. Kituoni hawakuwaambia?"

Nikamgeukia baba. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Baba, ule mkono juu ya sahani?"

"Nesi alimwambia nusu saa," akanong'ona. "Ananisimamia kama askari."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuleta chipa."

Shangazi, sijui kama nilitaka kulia au kumzaba kofi baba yangu mzazi, Mungu anisamehe.

Nikaenda Pirayú. Nilimkuta bi Deolinda ananyonyoa kuku. Nilisimama mbele yake nikasema yote, chipa na dirisha na kidonge nilichoiba. Aliendelea kunyonyoa. Halafu akauliza, "Kwa hiyo alikuwa ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Asubuhi ananuka anisi, makombo yamejaa shati. Nikasema, huyu mzee amepata mwanamke. Unadhani nilikimbia maneno yako? Nilikimbia huyo mwanamke."

Akacheka mpaka manyoya yakamruka mapajani. Kisha akaacha kucheka, akasema maneno yako ya paa ndiyo hayajamtoka.

Amerudi, wiki ya tano leo. Baba anameza kidonge, anangoja nusu saa, anakula, na jioni halali kabla chakula hakijashuka. Kidonda kinapona na amenenepa kidogo. Ila bado namkuta uani asubuhi, anachungulia njia kama chipa zinakuja.

Nina ombi, shangazi. Mwandikie bi Deolinda neno la kumtuliza. Hajui kusoma, nitamsomea mimi. Amekwisha kuniambia kwamba nikimaliza ataipeleka barua na kwa nesi, aisome tena, asikie kama yanafanana. Kwa hiyo andika kweli tupu, na uandike kwa herufi kubwa, nesi asije akasoma vingine.

Nisalimie mzee Ceferino na dada Zunilda pamoja na watoto wake. Mama Bikira wa Caacupé awafunike nyote kwa joho lake.

Ni mimi mwanao nikupendaye, na mwenye haya,

Herminia