Profesa Katika Mstari wa Watoto

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Brussels tuko wazima. Mama yako anatunza wazee huko Ixelles na hurudi amechoka.

Umeniuliza utawaangaliaje wanafunzi wako baada ya kukosea wimbo mbele yao. Bon, nilipokuwa mtoto Bukavu alikuja profesa Mjerumani aliyefundisha walimu wa muziki kwao, akitaka kujifunza nyimbo zetu. Kwaya yetu ilijifunza kwa kusikiliza tu, bila karatasi. Kiongozi wetu, maman Furaha, alimnyang'anya profesa daftari alilokuwa akiandikia nyimbo, akamweka kwenye mstari wa watoto. Akakosea, tukacheka. Yeye akainama kwa msichana aliyesimama karibu naye, akasema, "Nifundishe tena, polepole."

Msichana huyo nilikuwa mimi. Hiyo ndiyo siku niliyoanza ualimu.

Koko wako,
Evere, Brussels