Joto la Mandawa Si Malaria

Wifi Tabu, mkorofi wangu, hamjambo wewe na kaka?

Huku Mandawa ni vumbi jekundu na mabibo matamu ya mikorosho. Mimi niliyetamba Lusaka na Mombasa, jana nimeachwa njiani na bibi! Tulikuwa tunatoka shambani, mwenyeji wangu Mama Chilumba ana ndoo ya korosho kichwani, mimi mikono mitupu, na bado bibi huyo kanitangulia mbali. Ghafla joto likanipanda, jasho chapachapa, moyo unaruka kama chura kwenye ndoo. Nikalia, "Malaria hiyo!"

Akageuka, akacheka. "Malaria gani, mdogo wangu? Hedhi si imekoma? Ndiyo joto lake hilo. Hata mimi nilimeza dawa za malaria bure, mpaka nesi wa misheni aliponifungua macho."

Akanikokota kwa nesi huyo. Malaria hakuna, ila presha iko juu! Kasema hedhi ikikoma, moyo nao unataka uangalizi: kupima presha na kutembea kwa kasi kila siku.

Wifi, nawe unahema ukipanda ngazi, halafu unasingizia malaria. Kesho kapime presha! Nimepitia Nachingwea, nimenunua raba jozi mbili, nyekundu zako. Utunze huo moyo, maana ukinitoka, nani mwingine atavumilia majigambo yangu?

Wifi yako, bingwa aliyeachwa njiani,
Stella