Mtu wa Ngazi za Chini ya Ziwa

Kasiani, rafiki yangu,

Nimerudi Tabora juzi, na tangu niteremke kwenye basi nazunguka na barua hii kichwani. Mazishi yako yalinipita. Nilipopata habari ulikuwa umeshazikwa. Nikaja kwenye arobaini. Kiwanja chetu pale Namawala kina nyumba ya bati ya watu nisiowajua. Walinikaribisha vizuri, kama mgeni, nami nikaketi kama mgeni. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke. Watoto walikuwa juu ya madungu shambani wakiamia ndege wasiule, kila mmoja na simu yake.

Sisi tulikuwa na majarida. Yule fundi wa kigeni aliyekuja kufunga mashine ya kukoboa mpunga alipoondoka, alimwachia mpishi wake, mjomba wako, sanduku zima, na mjomba akakupa wewe kwa kuwa karatasi zake hazikufaa hata kusokotea tumbaku. Hadithi za kutisha, za zamani hata wakati ule, karatasi za rangi ya ugoro zinazovunjika pembeni ukifunua kwa haraka. Kwenye majalada kulikuwa na mafuvu yenye mataji, nyoka wenye mabawa, na wanawake wenye nguo nyepesi wakipiga mayowe. Tuliyavika karatasi za mifuko ya saruji, na katekista alipotuona dunguni tumeyainamia, alitusifu mbele ya kanisa zima kwamba tunasoma maisha ya watakatifu. Ulitoka nje ukijifanya unakohoa.

Mimi nilikuwa sekondari, na Kiingereza cha kuungaunga. Wewe uliishia la saba. Kazi tuligawana. Nilisoma na kutafsiri, wewe ukavuta kamba ya makopo na kurusha matope kwa kombeo. Nilipokutana na mbwa mwitu wa kwenye theluji nilisema fisi. Ngome niliita boma. Hayo uliyaruhusu. Usichoruhusu ni kuruka. Ulitazama kidole changu kwenye mstari, na kikikimbia ulinishika mkono: “We mwalimu, hapo umeruka. Rudi.” Uliniita mwalimu kabla sijawa.

Hadithi uliyoipenda kuliko zote ilitoka vipande vipande, toleo kwa toleo. Mtu anashuka ngazi za mawe chini ya ziwa, na taa ya mkono, akiutafuta mji uliozama ambao kengele zake husikika huku juu. Toleo la mwisho halikuwamo sandukuni. Tulilitafuta hadi chini ya kitanda cha mjomba wako. Kisha nikapangiwa kufundisha Tabora, nikaoa huku, nikamzika mke wangu huku, na bonde letu la Namawala likawa mahali pa kuandikia barua. Kila barua yako, baada ya salamu na habari za mavuno, iliishia na swali lilelile: “Na yule mtu, alitoka?”

Sasa nikuambie nisichokuambia. Toleo lile nililipata. Lilikuwa kwa muuza vitabu vya zamani hapa Tabora, katikati ya rundo la vitabu vya shule, nikalisoma nikiwa nimesimama. Nilikuwa bado natafuta namna ya kukutafsiria ilipokuja barua yako ya kifo cha Filbert. Mto umejaa, mtumbwi umepinduka, mtoto wako wa kwanza. Uliandika mistari michache tu. Na chini kabisa, sikuamini macho yangu: “Yule mtu, alitoka?”

Nikakujibu kwamba alitoka. Nikajaza kurasa. Nikamtoa ziwani asubuhi, amelowa, watu wake wako ukingoni wanamwita kwa jina. Humo hakuna hata mstari mmoja wa jarida. Nilijiambia kwamba ni huruma.

Nilidhani jambo hilo umekwenda nalo kaburini. Lakini siku ya arobaini, tumekaa mkekani baada ya chakula, mjukuu wako Tekla akaja na simu. Unamjua Tekla, anasoma Ifakara, haogopi mtu. Hadithi hiyo ulimsimulia tangu akiwa mdogo, na siku hizi majarida yale watu wameyapiga picha kurasa zote, yamo mtandaoni. “Shikamoo babu,” akasema, na hata marahaba hakuisubiri. “Mbona huku jamaa hatoki? Ina maana babu alikuwa anatupiga fiksi?”

Mkeo alikuwa karibu yetu, anachambua mchele. Akainua uso.

Ningeweza kusema kwamba hadithi hiyo ina miisho miwili. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mtoto alikuwa anakuita wewe mwongo, mbele ya mkeo, nawe huna tena mdomo wa kujitetea. Nikasema, “Fiksi ni yangu. Babu yako alisimulia alichoandikiwa.”

Mama Filbert alichambua mpaka mchele wa kwenye ungo ukaisha. Kisha akasema, “Nisomee. Kama ulivyokuwa unamsomea yeye.” Nikasoma kwenye kile kioo kidogo, Tekla akinisogezea kurasa, mpaka mwisho wake wenyewe. Mkeo akaniuliza kwa nini nilifanya vile. Nikasema niliogopa kwamba, kwa wakati ule, usingeiweza.

“Shemeji,” akasema, “Filbert, ni baba yake mwenyewe ndiye aliyemtoa mtoni. Siku ya tatu. Kwa mikono yake. Wewe ulikuwa Tabora unamchagulia maneno. Angeiweza.”

Akanimiminia chai. Sikuweza kuinywa.

Njia nzima ya kurudi nimekaa na neno hilo. Kwa hiyo pokea jibu lako, Kasiani, ingawa nimechelewa. Hatoki. Anasikia kengele chini yake, mafuta ya taa yanakwisha, na badala ya kugeuka anaweka mguu kwenye ngazi inayofuata. Basi. Chini ya mstari huo kuna tangazo la dawa ya kuotesha nywele.

Nisamehe. Nilikuhurumia kama mtoto, na ulikuwa mtu mzima kuliko mimi.

Nakuahidi kwamba baada ya mavuno, magoti yakikubali, nitarudi Namawala. Mkeo anataka nimsomee na zile nyingine, zote, kama zilivyo. Ameomba jambo moja tu, tusianze na za maji.

Pumzika, ndugu yangu.

Mwalimu wako